UTACHAGUAJE KAMERA INAYOKUFAA?

Mwaka jana katika jarida letu hili niliandika shairi, na baadhi yenu mkanicheka kwa sababu ya vina vyangu. Mwaka huu sileti shairi. Nimeleta somo, na somo lenyewe ni la kuchagua kamera ya dijitali. Tafadhali usifungue ukurasa wa vichekesho kwanza ukisema kwamba kamera ni mambo ya wenye pesa. Ngoja nikusimulie kisa kilichonifanya nijifunze haya, kisha utaamua mwenyewe.

Wengi wenu mnamkumbuka Kogo. Neno hilo kwa Kikalenjin ni nyanya, na ndivyo shule nzima ilivyomwita mpishi wetu, hata sisi ambao si Wakalenjin. Yeye ndiye aliyewasha jiko kabla hata mlinzi hajafungua lango kubwa, katika ile baridi ya asubuhi ya Chepkoilel ambayo humfanya mtu aone pumzi yake kama moshi. Ukichelewa foleni ya githeri alijifanya anakukaripia, huku mwiko wake ukikuongezea. Siku ya Zawadi mwaka jana aliitwa jukwaani akapewa blanketi kwa utumishi wake wa miaka mingi, na shule nzima ikasimama kumpigia makofi.

Kazi ya kupiga picha siku hiyo nilipewa mimi. Sisi wa shule ya kutwa haturuhusiwi kuja na simu, kwa hivyo nilitumia simu ya mlezi wa chama. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa karibu na mlango, yapata mita 15 kutoka jukwaani, na kusema kweli niliona haya kuinuka na kupita katikati ya wageni. Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka Kogo akajaa kwenye kioo, nikabonyeza, nikaangalia. Kwenye kile kioo kidogo alionekana vizuri tu, anacheka, blanketi begani.

Mwezi wa pili mwaka huu Kogo akafariki. Siku ya tatu binti yake alikuja ofisini kwa walimu, akaomba picha ya mama yake ya kuweka kwenye programu ya mazishi na kwenye fremu ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Alikuwa amesikia kwamba siku ile ya blanketi alipigwa picha. Niliitwa kutoka darasani. Tulipoifungua picha ile kwenye kompyuta na kuikuza, uso wa Kogo ukawa kama uji uliomwagika. Macho hayakuwapo, meno hayakuwapo, ni madoa ya kahawia tu. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huna nyingine?" Sikuwa nayo. Mwishowe walikuza picha ya kitambulisho chake cha taifa, ile aliyopigwa zamani akiwa amekaza uso kama anayeogopa serikali. Hivyo ndivyo watu walivyomwona kwa mara ya mwisho.

Basi chama kikaamua kinunue kamera yake. Nami, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nikajitolea kutafuta inayotufaa.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutaka kujua ni kwa nini picha ile iliharibika, maana ukinunua dawa kabla ya kujua ugonjwa utatupa pesa. Nilichukua kikokotoo na ile hesabu ya maumbo yanayofanana tuliyosoma kidato cha pili, ambayo wengi wetu tulidai haina kazi duniani. Picha ya dijitali ni vidoti vilivyopangwa kama vigae sakafuni. Kidoti kimoja huitwa pikseli, na vidoti milioni moja ni megapikseli. Simu ile hutoa picha ya megapikseli 12, yenye vidoti 4,000 kwa upana. Lenzi yake ya kawaida huona mbali na kushoto na kulia kwa pamoja, na kwa umbali wa mita 15 ilikuwa inaona upana wa karibu mita 20, yaani jukwaa, mapazia, kuta na hata madirisha. Uso wa Kogo, tuseme, ulikuwa na upana wa sentimita 15. Piga hesabu: katika vidoti 4,000, uso wake ulipata kama 29 tu.

Ishirini na tisa! Uso wa mtu mzima, na makunyanzi yake yote. Sasa ukitaka uso huo uwe na upana wa sentimita 6 kwenye karatasi, kila kidoti kitakuwa na upana wa milimita 2, sawa na punje ya wimbi. Mwambie mtu achore macho ya nyanya yako kwa punje 29 za wimbi uone atakachokuletea.

Na kule kuvuta kwa vidole je? Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Simu nyingi zikivuta hivyo hazisogezi kitu chochote. Zinakata tu katikati ya picha na kuitandaza. Ukivuta mara 4, unabaki na robo ya upana na robo ya urefu, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya vidoti ulivyonunua. Zile 12 zinakuwa robo tatu ya megapikseli moja. Zumu ya kweli ni ya lenzi yenyewe, pale vioo vya ndani vinaposogea na picha ikaja kubwa kabla haijageuzwa kuwa vidoti. Kwa hivyo ukienda dukani ukaambiwa "zumu mara 50", uliza: ya lenzi au ya kukata? Muuzaji akianza kuzungukazunguka umeshajua jibu.

Lakini kabla sijaenda mbali, nikiri jambo moja. Kama ningeinuka pale nyuma nikaenda mita 3 kutoka kwa Kogo, simu ileile ingempa uso wake vidoti zaidi ya 140. Miguu yangu ingefanya kazi bila shilingi hata moja. Nimelieleza jambo hili mapema kwa sababu kuna wasomaji ambao wana simu nzuri za wazazi nyumbani na wanadhani wanahitaji kamera, kumbe wanahitaji kusogea.

Sasa tuje kwenye kamera zenyewe. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilitoa picha nyeusi na nyeupe ya vidoti 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Kampuni yenyewe iliendelea kutegemea filamu kwa miaka mingi, na mwezi wa Januari 2012 ikaomba mahakamani ulinzi wa mufilisi. Kitu ambacho Sasson alikiweka mahali pa filamu ni kibamba kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kwa Kiingereza jina lake linakaribiana na sensa, ila ukisema sensa hapa kwetu watu watafikiri wanakuja kuhesabiwa kama mwaka 2019. Mlezi wetu alipendekeza tuseme kihisi, nasi tukakubali.

Ukubwa wa kihisi ndio siri ambayo matangazo hayaitaji. Kamera ndogo nyingi za mfukoni zina kihisi cha kama milimita 6.2 kwa 4.6. Kamera ya kubadilisha lenzi ya daraja la wanaoanza, kwa mfano Canon EOS 1300D iliyotoka mwaka 2016, ina kihisi cha milimita 22.3 kwa 14.9. Zidisha mwenyewe: eneo la pili linashinda la kwanza kwa zaidi ya mara 11. Weka kikombe na karai nje mvua ya Uasin Gishu inaponyesha, kisha uangalie ni kipi kimekusanya maji mengi. Mwanga nao ni vivyo hivyo. Kwenye jua la saa sita kikombe na karai vyote vinajaa, ndiyo maana picha za mchana zinafanana. Ukiingia katika ukumbi wetu wenye balbu nne, mbili kati yake zikiwa zimeungua, kikombe kinabaki na matone tu na picha inajaa chengachenga.

Mhazini wetu hakulipenda somo hili. Yeye alikuwa ameona kamera ndogo mpya, ya rangi ya waridi, iliyoandikwa megapikseli 48, kwa bei ambayo ingetuachia pesa za soda. "Hii ina 48 na yako ina 18," akaniambia mbele ya mkutano, "wewe unataka kutupeleka nyuma?" Wanachama wakapiga makofi. Nikamwuliza, nyumbani kwenu si mnauza maziwa? Akasema ndiyo. Nikamwuliza tena, mtu akitia maji kwenye lita 18 akapata lita 48, maziwa yameongezeka? Maana baadhi ya kamera za bei ya chini hufanya hivyohivyo: kihisi kina vidoti vichache, kisha programu ya ndani inabuni vingine vya kujaza katikati. Ndoo inajaa, lakini chai haibadiliki rangi.

Tena, sisi megapikseli 48 ni za nini? Ukurasa wa jarida hili ni sentimita 14.8 kwa 21. Wachapishaji hutaka vidoti 300 kwa kila inchi, na inchi ni sentimita 2.54. Hesabu inakuja vidoti 1,748 kwa 2,480, yaani milioni 4.3 kwa picha inayojaza ukurasa wote. Megapikseli 18 zinatosha na kubaki. Suala la vidoti nimelimaliza hapo, na mhazini akaketi.

Kitu cha pili ni lenzi, na hapa nakaa kidogo maana hapa ndipo pesa zetu zilipoenda. Kuna kijana mmoja anayepiga picha za mahafali pale Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho majirani wengi bado wanakiita Chepkoilel tu, kama kabla hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Tulimfuata Jumamosi moja na alituvumilia kwa saa mbili nzima. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Tafuteni lenzi kwanza, kamera baadaye." Kila lenzi huandikwa ukubwa wa tundu lake kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, jambo ambalo hukanganya kila mtu siku ya kwanza. Lenzi ambayo huja na kamera hizi, ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake huwa f/5.6. Kuna nyingine isiyovuta, milimita 50 tu, yenye f/1.8. Hii ya pili hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya ile ya kwanza. Maana yake ni hii: pale ambapo ya kwanza inahitaji kufunguka kwa sehemu ya 15 ya sekunde, ya pili inatosheka na sehemu ya 150 ya sekunde.

Na hiyo tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu watu hawatulii. Hebu tumtumie jirani yetu Eliud Kipchoge, ambaye hufanyia mazoezi Kaptagat. Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hizo ni karibu mita 5.9 kwa kila sekunde. Ukimpiga picha kamera ikiwa wazi kwa sehemu ya 30 ya sekunde, atakuwa amesogea sentimita 20 ndani ya picha moja. Atatoka kama mzimu. Ukiifunga kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, anasogea milimita 6, na unaweza kusoma namba yake kifuani. Mtu anayeghani shairi jukwaani si Kipchoge, lakini mkono wake unaruka na kichwa kinatikisika, na kwa sehemu ya 15 ya sekunde utapata mghani mwenye vidole kumi kwenye mkono mmoja.

Hapo katibu wa riadha, ambaye pia ni mwanachama wetu, alisimama akasema tununue ile lenzi ndefu ya milimita 250 ili apigwe picha akiwa upande wa pili wa uwanja. Ni kweli kwamba ukiwa mita 15 nyuma ya ukumbi, lenzi ile inauona upana wa mita 1.3 tu, na uso ungepata vidoti karibu 580 badala ya 29. Niliitamani sana, nisiseme uongo. Lakini pesa zilitosha lenzi moja tu ya kuongeza, na ile ndefu tundu lake ni dogo, haifai ukumbi wenye giza. Nikasimama kwenye hoja moja mpaka mwisho: umbali unaweza kupunguzwa kwa miguu, giza halipunguzwi. Mkimbiaji anaweza kungojwa kwenye utepe, mghani anaweza kusogelewa. Kura zikapigwa, nikashinda kwa tofauti ya kura tatu. Katibu wa riadha hakunisalimia kwa wiki nzima, ingawa sasa tuko sawa.

Jambo jingine ambalo vitabu vingi vya kamera havilitaji ni sisi wenyewe, yaani ngozi zetu. Zamani za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu. Zikiitwa kadi za Shirley. Rangi yake ikitoka vizuri, mashine imepona. Mtu mweusi akitoka kama mkaa, hiyo shida yake. Kamera za siku hizi zimesonga mbele, lakini kipimo cha mwanga cha kamera bado hudhani kwamba kila kinachoonekana kina weupe wa kadiri. Msimamishe mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi mbele ya dirisha, au mvishe shati jeupe la sare, na kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Kwa hivyo chagua kamera inayokuruhusu kuikatalia. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukipandisha hadi +1, kamera inaingiza mwanga maradufu na uso unarudi. Kwenye simu nyingi unagusa uso pale kiooni, kisha unasogeza kijua kidogo kwenda juu. Kile kikamera cha waridi hakikuwa na kitu kama hicho. Ni kubonyeza na kuomba Mungu.

Aidha, usidharau simu. Kama haja yako ni picha za marafiki mchana, nyaraka, ubao wa mwalimu kabla haujafutwa, ndugu waliokaa karibu nawe sebuleni, simu inatosha kabisa, na usiku programu zake huunganisha picha kadhaa kuwa moja safi mradi mtu atulie. Nimeona wazazi wakinunuliwa kamera kubwa na watoto wao walio ng'ambo, nayo inakaa kabatini chini ya vitambaa kwa sababu hakuna aliye tayari kuibeba.

Tulikwenda kununua Jumamosi, mimi, mlezi na mhazini, katika jiji letu la Eldoret (ndiyo, jiji, tangu Agosti 2024, ingawa matope ni yaleyale). Tulikuwa na shilingi 31,000: mauzo ya jarida la mwaka jana, michango ya wanachama, na mahindi ya kuchoma tuliyouza siku ya michezo. Kwa pesa hizo kamera mpya ya kubadilisha lenzi tusingeipata, tulitafuta iliyotumika. Muuzaji kwanza alituonyesha Nikon D3200 pamoja na lenzi ya zamani ya milimita 50, kwa bei nafuu ya kushangaza. Nilikuwa nimeonywa na yule kijana wa mahafali. Ile D3200 ni kamera nzuri, ila ndani ya mwili wake hakuna mota ya kusogeza lenzi, na lenzi nyingi za zamani za Nikon nazo hazina mota yao. Ukiziunganisha, inabidi ulenge kwa mkono kila picha, ukikosa umekosa. Tulizijaribu palepale, lenzi ikanyamaza kimya. Muuzaji akacheka, akasema, "Mdogo wangu, wewe umesomea wapi?" Lenzi za Canon za aina ya EF zina mota ndani yake zenyewe, kwa hivyo tukarudi kwenye ile 1300D niliyoitaja.

Kitu kilichotumika hukaguliwa. Lenzi tuliimulika kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Moja ilikuwa nayo. Karatasi nyeupe tuliipiga picha kwa tundu dogo la f/16 ili madoa ya vumbi kwenye kihisi yajionyeshe. Tulikwenda na memori kadi yetu, tukapiga picha thelathini, tukaziangalia kwenye kompyuta ya dukani zikiwa kubwa, si kwenye kile kioo cha nyuma kilichonidanganya mwaka jana. Tuliomba pia hesabu ya mara ambazo kamera imefunguka na kufungwa. Kamera nyingi za daraja hili hukadiriwa kufikia kama 100,000 kabla ya kuchoka, na hii yetu ilikuwa imefika 21,000 na ushei. Mlezi alidai chaja na risiti. Tulilipa 30,500 kwa kamera na lenzi zote mbili, na ile 500 iliyobaki ikaenda kwa nauli na chai.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe mwalimu mkuu alikuwa na swali lake: je, wenye nyuso zao wamekubali? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataka mzazi au mlezi akubali kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ya uso ni mojawapo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Linganisha na bei ya kamera yetu! Ndiyo maana kila mmoja wenu alipelekewa fomu nyumbani, na ndiyo maana wenzetu sita hamtawaona katika kurasa za picha. Msiwaulize kwa nini.

Kamera inakaa katika kabati la mlezi, betri ikiwa imetolewa, na ndani ya mfuko mna vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana mvua zetu za Aprili hadi Agosti huzaa kuvu. Mwanachama yeyote anaweza kuiazima kwa kutia sahihi daftarini. Daftari lina safu ya mwisho ambayo niliiongeza mwenyewe: jina la aliyepigwa picha, na kama amepewa nakala.

Jina la kwanza katika safu hiyo ni la mlinzi wetu wa langoni. Nilimfuata asubuhi moja saa mbili, jua likiwa upande, nikasimama hatua tatu kutoka kwake. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili alisema arudi kwanza nyumbani abadilishe koti. Mara ya tatu alikuja na koti lingine, akavua kofia, akaniuliza picha hii inakwenda wapi. Nikamwambia moja ni ya jarida na moja ni yake ya kuweka nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ngoja nichane nywele." Mtaiona ukurasa wa 31.